Kilo Zilezile

Kuhusu chakula, daktari wa moyo alimwambia mume wangu sentensi moja tu: ale vizuri, apunguze chumvi. Aliisema akiwa ameshashika kitasa cha mlango, shingo imegeukia kwa mgonjwa anayefuata. Maneno mengine yote yalihusu moyo wenyewe. Moyo umechoka kusukuma damu, alisema, na mlango wake mmoja umelegea, damu inayotakiwa kwenda mbele inarudi nyuma. Dawa peke yake hazitatosha. Itabidi kifua kifunguliwe, mlango utengenezwe. Lakini si leo. Mzee kwanza ajenge mwili, arudi baada ya miezi mitatu wamtazame. Akionekana anaweza kuhimili kisu, atapangiwa siku. Asipoweza, tutaendelea na vidonge na kumwomba Mungu.

Mimi nilielewa kwamba nimepewa miezi mitatu ya kumtia mume wangu nguvu. Kabla hatujafika getini nilikuwa nimeshaanza kupanga mapishi kichwani. Sikujua kwamba nimezaa bunge.

Mume wangu alikuwa na bucha. Mtaani wanamwita Mzee Steki mpaka leo, ingawa bucha ameshamkodisha mtu mwingine. Kwa nyama hiyo tulijenga, tukaozesha, tukasomesha. Mtoto wetu wa kwanza alisomeshwa na maini na mbavu mpaka akawa mkaguzi wa hesabu, anavaa tai, akiingia ofisi za watu wanaanza kutafuta risiti. Wa pili ni binti, anauza vipodozi kwa simu, na kwa kuwa wateja wake humwuliza kila kitu, amejikuta anajua kila kitu. Halafu yupo wifi yangu, dada yake Mzee Steki, mjane, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta ambao haujawahi kumzuia.

Jumapili wote walikuwa sebuleni kwangu. Mwanangu mkubwa alikaa mbele ya meza, na tangu siku hiyo nikaanza kumwita Mwenyekiti. Mzee Steki mwenyewe aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, mto mgongoni, akisikiliza mambo yake yakizungumzwa na watu wengine.

"Daktari amesema Baba ale vizuri," Mwenyekiti alianza. "Swali ni kwamba, vizuri maana yake nini? Hilo neno lina mwanya. Tusipouziba, kila mtu atapitisha chake."

Basi wakauziba. Chumvi ikaondoka kwanza, na hapo sikuwa na ubishi, kwa kuwa daktari aliitaja mwenyewe. Yakafuata mafuta. Ikafuata sukari. Kisha Mwenyekiti akasafisha koo na kusema nyama, na mume wangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatazama dari, akashusha macho.

"Nyama?" aliuliza.

"Nyekundu, Baba. Inaziba mishipa."

"Ile iliyokusomesha?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Mzee akarudi kwenye dari. Binti yangu akafungua simu na kuyaondoa mayai, maana alikuwa amesoma mahali. Wifi yangu akayaondoa maharage, kwa hoja kwamba gesi yake hupanda juu ikaubana moyo. Kuku naye akaangushwa kwa tuhuma za kudungwa sindano. Nilipoona tumefika kwa samaki nikasimama kumtetea kwa nguvu zangu zote.

"Samaki wa baharini, Mama, amekaa kwenye chumvi tangu azaliwe," binti alisema.

"Basi nitanunua wa mtoni."

"Unajua huko mtoni kunamwagwa nini?"

Wakapiga kura. Nilikuwa peke yangu upande wa samaki. Vilivyonusurika ni kabeji, boga, tango na uji mwepesi, na Mwenyekiti akaviandika kwenye kundi la familia la simu, akapiga mstari chini, kana kwamba anaogopa kabeji nayo itatoroka. Akaongeza azimio moja la mwisho: Baba awe anakula chumbani kwake, peke yake, asije akatamanishwa na sahani za wengine. Wote wakaliona ni la busara. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hawa hawakugombana hata kidogo, walikuwa wanakubaliana kila kitu, na ndiyo maana tulienda mrama kwa kasi.

Kulikuwa na jambo jingine, la maana kweli. Nesi alituagiza mzee apimwe uzito kila asubuhi, kwa sababu kilo zikipanda ghafla ni dalili kwamba mwili unahifadhi maji. Mwenyekiti aliposikia neno mizani, uso ulimng'aa. Alinunua moja ya kioo, ambayo ukipanda inawasha namba kwa taa ya bluu. Kazi yangu ikawa kumsimamisha mzee pale juu kila kunapokucha, kupiga picha ya namba, na kuituma kwenye kundi kabla chai haijachemka.

Siku ya kwanza mizani ilisema kilo sabini na nne. Wiki iliyofuata ilisema sabini na nne. Wiki baada ya hiyo, sabini na nne tena, labda na nukta mbili za kuongezea na kesho yake zinaondoka. Kundi lilikuwa linapiga makofi kila asubuhi. "Mzee chuma," binti aliandika. "Mungu ni mwema," wifi aliandika. Na Mwenyekiti, ambaye hasifu kitu ovyo, aliandika maneno ambayo kwake ni sawa na shairi: "Hesabu zimekubali." Alichora na mchoro, mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Nilisikia aliuonyesha mpaka kazini kwake.

Mimi nilikuwa jikoni na kabeji. Niliichemsha, niliikausha, niliikatakata nyembamba, niliipika na boga, nikaipika bila boga. Nyumba nzima ilinuka kabeji, hata mashuka. Nikimpelekea chumbani, mzee alikuwa ananyanyua vijiko viwili, anaitazama sahani kwa adabu kabisa, anaisogeza pembeni.

"Kula basi, mume wangu."

"Nimeshiba."

"Vijiko viwili umeshiba?"

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alinijibu, akageukia ukutani.

Nilimwona mdekaji. Nilimwambia hivyo, na sauti ilikuwa kubwa. Kisha nikatoka nikakaa ukumbini na sahani ile mapajani, kwa sababu mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anakula mpaka anafungua kifungo cha suruali, kumwona anasusa sahani kunatisha zaidi ya kumsikia anakohoa.

Msaada ulikuja kwa njia za panya. Binti alikuja na kichupa chenye punje za rangi ya waridi. "Hii si chumvi, Mama," alisema. "Ni madini. Inachimbwa kwenye miamba ya kale."

Nikaonja. "Ni chumvi."

"Ya asili. Haina shida yoyote. Ninaiuza mwenyewe, ningempa Baba yangu kitu kibaya?"

Nikamfungulia sufuria. Tulipoinyunyiza kwenye kabeji mzee alikula vijiko vitano, na furaha niliyoipata ikanifunga mdomo. Naye wifi yangu, kwa upande wake, alianza kuja kila mchana na chupa ya chai chini ya mtandio. Ndani hamkuwa na chai. Ilikuwa supu, ya kunywa tu, isiyo na hata kipande cha nyama, kwa hiyo haikuvunja azimio lolote. Kaka yake aliinywa yote. "Tazama mashavu, wifi," aliniambia siku moja, akimshika kidevu kama mtoto. "Kaka ananawiri." Na kweli mashavu yalikuwa yamejaa.

Ila mengine hayakulingana na mashavu. Mzee alianza kupumzika katikati ya safari ya kutoka kitandani hadi chooni. Alilala ameegemea mito mitatu. Viatu vilimkataa, akawa anashinda na ndala, na ndala nazo zikaanza kumwachia alama. Nikimwogesha, nilipomsugua mgongo nilikuwa nahisi kila ubavu, na mikono ile iliyokuwa inabeba paja la ng'ombe begani sasa naweza kuizungushia vidole vyangu vikakutana. Niliandika kwenye kundi kwamba baba yenu anakwisha.

"Mama, usitie chumvi," binti alijibu. Katika nyumba ile hilo lilikuwa kosa la kikatiba.

Mwenyekiti alinipigia kabisa, kwa sauti ile anayotumia kwa wahasibu waliochanganyikiwa. "Nakuelewa, Mama. Wewe unamwona kwa macho ya mapenzi. Ndiyo maana tukaweka mizani. Namba haina hisia."

"Namba haimwogeshi," nilimwambia. Akanitumia tena ule mstari ulionyooka.

Miezi mitatu ilipotimia tulikwenda hospitali wote, kama watu wanaokwenda kupokea tuzo. Mwenyekiti alivaa tai nyekundu na kubeba mchoro wake umechapishwa kwenye karatasi inayong'aa. Daktari wa moyo hakuupokea. Alimtazama mume wangu alivyoingia, alivyoshika ukingo wa meza, alivyoketi kwa kujidondosha. Akainama, akabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki pale pale. Sote tuliliangalia likikataa kujaa.

"Huyu hapasuliwi," alisema.

"Lakini daktari, uzito wake haujashuka hata..."

"Ndugu yangu, mimi sipasui kilo. Napasua mtu."

Akaandika mzee alazwe, maji yatolewe kwa dawa. Akaandika na kitu kingine, akatwambia kabla ya kwenda wodini tupite kwa mtaalamu wa lishe, chumba cha mwisho, mkono wa kushoto. Kumbe alikuwepo siku zote. Katika ukumbi uleule ambao sisi tuliambiwa tule vizuri na kupewa kitasa cha mlango, kulikuwa na mtu anayelipwa mshahara kueleza vizuri ni nini.

Chumba chenyewe hospitali ilikuwa inakitumia pia kuhifadhia viti vibovu. Ukutani palikuwa na bango la sahani ya matunda, limepigwa na jua mpaka machungwa yamekuwa ya kijivu. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, na alituuliza mara mbili kama kweli tumetumwa na idara ya moyo. Alituona tumejaa mlangoni akahamisha viti, akampa mzee kile kizima.

"Shikamoo mzee wangu. Hebu nibane vidole viwili hivi, kwa nguvu zako zote."

Mzee alibana. Uso wake ulikunjamana kwa juhudi. Vidole vya yule mama havikubadilika hata rangi. Akamshika mkono wa juu, akamwomba asimame kutoka kitini bila kujishikiza. Mzee alijaribu, akanyanyuka kidogo, akarudi chini. Hakutazama mtu. Nilikuwa namfahamu mwanamume huyu akichinja dume peke yake, na nilitamani niwafukuze wote chumbani wasimwone.

"Anakula nini nyumbani?"

Mwenyekiti akafungua simu na kusoma maazimio, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kikao. Yule mama alisikiliza bila kukatiza mpaka alipofika kwenye tango.

"Na anakula na nani?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake kama swali limekosea mlango.

"Hali na mtu," nilisema. "Walipitisha ale peke yake."

Mwenyekiti alimwekea mchoro mapajani. "Dada, pamoja na yote hayo, uzito umekaa palepale. Picha zote ziko kwa Mama." Nikatoa simu. Mtaalamu akaichukua, akaanza kupitisha picha kwa kidole, kutoka ya kwanza kuja ya mwisho, taratibu, halafu akarudi nyuma, halafu akaja tena.

"Mlikuwa mnaangalia nini humu?"

"Namba," Mwenyekiti alisema.

"Hebu mwangalie miguu."

Tulijikusanya kwenye kioo kile kidogo, vichwa vinagongana. Katika kila picha, pande mbili za ile namba ya bluu, kulikuwa na miguu ya mume wangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Katika picha ya kwanza ilikuwa miguu ya mzee, mikavu, mishipa imesimama, vidole kila kimoja na nafasi yake. Mbele kidogo mishipa ilizama. Mbele tena kifundo kikapotea. Katika picha ya asubuhi ile vidole vilikuwa vimebanana kama mikate iliyoumukia kwenye chombo kidogo. Na katikati yake, ikiwaka vizuri kabisa, sabini na nne.

"Misuli imetoka, maji yameingia," yule mama alisema. "Vimepishana mlangoni. Mizani haijui ni nini imebeba."

Mume wangu akaanza kucheka. Kicheko kilimletea kikohozi, tukamsubiri, akakirudia. "Nyama ya maji," alisema. "Jamani. Nimekuwa nyama ya maji."

Yule mama hakuelewa, ikabidi mzee amweleze, kwa kupumzika kila baada ya maneno machache, kwamba kuna wauza nyama wanaoidunga maji kwa bomba la sindano. Mizani inasoma kilo, mteja anaondoka anashukuru, akifika nyumbani sufuria linajaa povu na kipande kinabaki cha kulisha paka. "Sijawahi kuuza hata robo ya namna hiyo," alisema. "Sasa mwanangu ananitangaza kwenye simu kila asubuhi."

Mwenyekiti aliuchukua mchoro wake mapajani kwa yule mama, akaukunja. Mkaguzi wa hesabu ndiye mtu wa mwisho anayetakiwa kusahau kwamba jumla inaweza kukubali huku ghala limeibiwa. Rangi ya uso wake ilinionyesha kwamba amelikumbuka hilo mwenyewe, sikuwa na haja ya kumwambia. Nilimwambia hata hivyo.

Mtaalamu akatufafanulia polepole, na mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa anamwelekea mzee, si sisi. Moyo mgonjwa haupumziki, alisema. Hata umelala, mwili wako unachoma nguvu nyingi kuliko wa mtu mzima wa afya. Nguvu hizo zinatoka kwenye chakula, na chakula kisipokuja, mwili unaingia kwenye misuli yako mwenyewe na kuanza kuila, mikono, mapaja, hata misuli ya kupumulia. Tena maji yakizidi, tumbo na utumbo navyo vinavimba kwa ndani, ndiyo sababu vijiko viwili vinakushibisha. "Si jeuri wala kudeka," alisema, na hapo tu ndipo alinitazama mimi. Nikashusha macho.

"Lakini maji yanatoka wapi?" Mwenyekiti aliuliza. "Chumvi hatumpi."

Nilimgeukia binti yangu. Akafungua mkoba na kutoa kile kichupa. Yule mama alilamba punje moja. "Chumvi ni chumvi, mwanangu, hata ikivaa gauni." Halafu wifi yangu, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu, akaanza kulia, ikabidi atoe chupa ya chai na kukiri kwamba supu ile haikuwahi kumwona mnyama. Alikuwa anavunja vile vidonge vya kutia ladha, vitatu kwa kikombe, maana kaka yake alipenda. Chumvi iliyomo humo ingetosha kukausha ngozi ya ng'ombe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na chetu kilikuwa chini ya mtandio.

Mzee akalazwa. Dawa zikafanya kazi yake, maji yakatoka siku kwa siku, na mizani ya wodini ikaanza kushuka kama maji ya ndoo iliyotoboka. Kundi la familia likanyamaza. Jioni moja Mwenyekiti alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama miguuni mwa kitanda. Mashavu yalikuwa yameondoka. Shuka lilikuwa limelala karibu tambarare. Aliyebaki pale alikuwa mtu mdogo mwenye kichwa kikubwa, amelala, mdomo wazi.

"Kumbe ndivyo alivyo," mwanangu alisema.

"Ndivyo alivyokuwa siku zote."

Akalia. Hakulia kidogo, alilia kama alivyokuwa analia zamani akiumwa jino, na mimi hasira zangu zote, ambazo nilikuwa nimezihifadhi kwa ajili yake, zikaniponyoka. Nilimpa mtandio wangu ajifute, maana alikuwa anataka kutumia tai.

Siku ya kuruhusiwa daktari wa moyo alikaa chini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alisema mlango wa moyo hautangoja sana. Angempa mzee mwezi mmoja na nusu. Akirudi na misuli kidogo, akiweza kusimama kitini mwenyewe, atampasua. "Asipoweza sitampeleka mezani akafie huko," alisema. Mara hii hakushika kitasa. Aliongeza kwamba kilichobaki kiko jikoni kwangu.

Mtaalamu wa lishe alikuwa ameshanielekeza. Milo midogo, mara nyingi. Yai, maharage, samaki, kuku, na nyama ya steki kidogo pia, mzee asijisikie ametengwa na ukoo wake. Kabeji iruhusiwe kuwa mboga, isiwe hukumu. Maji kwa kipimo alichoandika daktari. Chumvi hapana, ya rangi yoyote, ila ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya zilizokaangwa mpaka zikaiva. Mazoezi mepesi, kutoka kitini hadi mlangoni na kurudi. Na ale pamoja na watu, watu nao wale chungu hichohicho.

Nilipika kama bibi harusi. Na mzee hakula.

Hili hakuna aliyelitegemea. Tulikuwa tumegombania nini kimnyimwe na nini apewe, hatukufikiria kwamba njaa yenyewe inaweza kuondoka ikasahau njia ya kurudi. Sahani ya yai ilirudi jikoni. Samaki alirudi na jicho lake. "Si kwamba ni kibaya, mama watoto," aliniambia. "Sina hamu. Naitafuta siioni." Alinishika mkono alipokuwa anasema, mkono mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze nikajua kwamba naweza kubaki katika nyumba hii peke yangu. Nilikuwa naogopa. Siku zilikuwa zinakwenda na yeye alikuwa anabembelezwa kijiko kwa kijiko, anameza kwa kunihurumia mimi.

Jumapili nikawaita wote, lakini si sebuleni. Niliwaita mezani. Niliweka bakuli moja la kuku wa nyanya na vitunguu, jingine la maharage, wali, kabeji kidogo kwa ajili ya kumbukumbu. Hamkuwa na chembe ya chumvi katika kitu chochote, na kikopo cha chumvi nilikuwa nimekificha kwenye mashuka. Mzee tukamketisha katikati. Nikampakulia paja dogo, akaliangalia kwa adabu ileile.

Mwenyekiti alipeleka kijiko mdomoni. Akatafuna. Akapunguza kasi ya kutafuna. Macho yake yakaanza kutembea juu ya meza, nyuma ya bakuli, chini ya kitambaa.

"Mama, umesahau..." binti alianza.

"Sijasahau."

Wifi yangu alikuwa ametuna shavu upande mmoja, hamezi wala hatemi. Kwa miezi mitatu watu hawa walikuwa wamemlisha mzee kitu kikavu kuliko hiki, bila ndimu, bila kitunguu, na wakapigiana makofi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Niliwaangalia mmoja mmoja, na sitasema uongo, nilifurahi.

"Ni kizuri," Mwenyekiti alisema. Alikula tena kidogo, kwa ushujaa. Kisha, polepole, kama mtu anayesogeza faili asilotaka kulisaini, akaisukuma sahani mbele. Paja la kuku lilikuwa juu yake, limeng'atwa mara moja tu. "Nimeshiba, Mama."

Mzee Steki alikuwa ameacha sahani yake na kuitazama ile ya mwanawe. Aliitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, namna alivyokuwa akitazama nyama iliyokatwa vibaya na mtu asiyejua kazi ya bucha.

"Huyu umemwacha," alisema.

Mkono wake ukanyanyuka. Ukapita juu ya maharage, ukafika, ukalishika lile paja kwa mfupa. Alilipeleka mdomoni kwake. Akang'ata. Nilimwona akitafuna, nikaona koo likishuka, nikasubiri aweke chini. Hakuweka. Aling'ata tena, mchuzi ukamtiririkia kidevuni, akageuza mfupa kutafuta upande mwingine.

Mwenyekiti alifungua mdomo, nadhani kulikuwa na azimio linalohusu hilo, na wifi yangu akamfinya chini ya meza mpaka akaufunga.

Niliinuka nikaenda jikoni. Nilijishikiza kwenye sinki nikalia mpaka nikamaliza, nikanawa uso, nikachukua sufuria lililobaki na kuku. Niliporudi mezani mume wangu alikuwa ameshahamia sahani ya dada yake.